Shingo ya Mama Zuhura, na Mikono Yake

Ninyi vijana wa dispanseri mmenisumbua tangu siku niliyovua koti jeupe. "Baba Ramazani, tuandikie mambo ya kazi." Haya, naandika. Msitegemee habari za vyeo. Cheo changu cha mwisho kilinikalisha mezani mbali na wagonjwa, na sitaki hata kukikumbuka. Nitaeleza mambo ya mwanzo, wakati wa Wadachi, kabla Wabeleji hawajaleta vitanda vya chuma, maana ndipo nilipofundishwa kazi. Na zaidi nitaeleza habari ya shingo moja, kwa sababu kila nikiwasikia mkimwambia mgonjwa "utapona tu, mama, usijali," natamani kuwapiga kofi.

Kazi hii sikuitafuta. Baba yangu aliuza ndagala wakavu sokoni Rumonge na alitaka niwe mvuvi. Kila nikipanda mtumbwi natapika. Akanijaribu dukani, nikawa natoa vipimo vikubwa kwa kila aliyeniamkia vizuri. Mwishowe akanishika mkono akanipeleka kwenye kambi ya malale waliyoijenga Wadachi mwinukoni, nyumba za udongo na nyasi pale upepo wa ziwa unapopiga. Akamwambia msimamizi wa wauguzi, "Huyu mutoto hafai kwangu. Labda kwa wagonjwa atafaa." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Msimamizi huyo alikuwa Mzee Feruzi, Mmanyema mfupi mwenye sauti nzito, aliyefuatana na madaktari tangu ujana wake. Siku ya kwanza alinipa sabuni na brashi, akaniambia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko. Nikanawa. Akatazama kucha zangu akasema, "Bado." Nikanawa tena. "Bado." Ngozi ikaanza kuniwasha, jua likapanda, na mzee yuko pale pale. Hatimaye akasema, "Sasa," akanikabidhi ufagio. Nilikasirika! Asubuhi nzima nanawa ili nifagie? Akanijibu bila hata kunitazama, "Kufagia ulikuwa unajua tayari."

Daktari wetu tulimwita Bwana Ndevu, kwa sababu ndevu zake zilifika kifuani na alizichana kila asubuhi kabla ya chai. Kiswahili chake kilikuwa cha askari: wewe lala, wewe kaa, wewe meza. Alipiga kelele hata kwa nzi. Lakini nilimwona akikaa chini sakafuni kumlisha mgonjwa wa malale uji kwa kijiko, naye hakujua kama kuna mtu anamwona, basi kelele zake hazikunitisha tena. Vyombo vyake tulivichemsha katika sufuria kubwa iliyokuwa ya wavuvi, na harufu ya samaki haikutoka hata tulipoisugua kwa majivu. Kimoja kati ya vyombo hivyo kilikuwa koleo dogo lenye mdomo uliopinda, la kung'ata mfupa kidogo kidogo. Feruzi alikiita kasuku, na hata Bwana Ndevu akazoea kunyoosha mkono na kusema, "Kasuku!"

Kwa nini mfupa? Tazameni mwambao wetu huu. Kila kitu kinabebwa kichwani, na kisichobebwa kichwani kiko juu ya mchikichi. Shingo zetu zinafanya kazi ya punda. Ndani ya pingili za shingo unapita uti wa fahamu, wenye unene wa kidole kidogo, unaopeleka amri mikononi na miguuni. Pingili ikisogea au ikivunjika ukabanwa, mtu anaanza kufa ganzi kuanzia vidole. Bwana Ndevu alikuwa ameona kwao jinsi ya kufungua shingo kwa nyuma, kung'oa kipande cha mfupa na kuupa ule uti nafasi.

Mgonjwa wa kwanza niliyemwona akifanyiwa hivyo alikuwa mkata chikichi wa Gatete aliyeanguka kutoka juu ya mti. Ndugu zake walikuwa wamemweka ndani muda mrefu wakimkanda kwa mafuta ya moto, na walipomleta kwa machela hakuna kilichosogea kuanzia mabegani kwenda chini. Alipasuliwa vizuri. Hakuinuka, na kabla mvua hazijaisha alifariki. Nililia, nasema wazi, maana alikuwa akinitania kila nikimgeuza. Mzee Feruzi aliniita nje. "Sikia, Ramazani. Kisu kinaondoa kinachobana. Kilichokwisha kusagika, kisu hakikirudishi. Mtu akija mapema, tunamzuia asishuke zaidi. Akipanda, tumshukuru Mungu." Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote, na ninyi yabebeni.

Sasa Mama Zuhura. Jina lake hasa lilikuwa Mwavita, na ua wake ulipakana na ua wa mama yangu. Alikuwa msusi. Siku zile Rumonge ya Waswahili ilikuwa na wasusi wawili wa kutajwa, yeye na Bi Tatu, na hawakupatana hata kidogo. Ila msusi hawezi kujisuka kisogoni mwenyewe, na hakuna kati yao aliyekubali kichwa chake kishikwe na mkono hafifu. Kwa hiyo kila mwezi ukiandama walisukana. Mama Zuhura alikaa mkekani kati ya magoti ya Bi Tatu, wakatukanana mpaka mstari wa mwisho, kisha wakabadilishana nafasi wakaendelea kutukanana.

Siku moja baada ya mvua, Mama Zuhura alikuwa akirudi kutoka Gatete na mtungi wa mawese kichwani. Akateleza. Mtungi haukumwacha mpaka alipofika chini, na shingo ikapokea uzito wote. Aliinuka, akalilia mafuta yake, akaenda nyumbani. Lakini baadaye kitana kikaanza kumdondoka. Vidole vikafa ganzi. Akashindwa kufunga kanga. Miguu ikakakamaa, akawa anapepesuka njiani, na watoto wakamcheka wakidhani amekunywa urwarwa, yeye ambaye hata harufu ya pombe ilimkimbiza.

Unadhani alimfikiria daktari? Thubutu! Alimfikiria Bi Tatu. "Nywele zangu zinabaki kwenye kitana chake kila mwezi," alimwambia mama yangu. "Amezifunga mahali. Ndiyo maana vidole navyo vimefungwa." Akakata mguu kwa Bi Tatu, akaanza kuzunguka kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Na ubaya ulikuja wakati mbaya, kwa sababu binti yake Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Kwao Mama Zuhura, bibi harusi husukwa na mama yake mzazi, wawili peke yao, mlango umefungwa. Kichwa kinalala pajani, na wakati vidole vinafanya kazi mama anamwambia binti mambo yote ambayo hatamwambia siku nyingine: ya ndoa, ya uzazi, ya kuvumilia na ya kutovumilia. Mama Zuhura aliambiwa hivyo na mama yake, na mama yake na bibi yake. "Nisipomsuka mimi," alisema, "harusi haiko." Upande wa bwana harusi wakaanza kununa.

Zuhura alikuwa na ulimi mkali kuliko wa mama yake. Asubuhi moja alikwenda kwa Bi Tatu akamleta kwa mkono. Mimi nilikuwa uani kwetu nakata kuni, na ua ulikuwa wa matete, kwa hiyo niliona yote.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" Mama Zuhura akauliza.

Bi Tatu alivua kanga kichwani. Toba! Mbele zilikuwa zimechanwa, lakini nyuma nywele zilikuwa zimeshikamana bonge moja, hata kitana cha chuma kisingepita.

"Kama ningetaka kukuroga, mama," akasema, "ningeroga mudomo wako. Mikono yako niiroge ya nini? Nani atanisuka mimi? Natembea nimefunika kichwa kama mufiwa, na wateja wameanza kuuliza."

Mama Zuhura alimzungusha akamtazama kisogo. "Hata kuchana umeshindwa?"

"Nyuma sifiki!"

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Mama Zuhura akalia, akajaribu kufuta machozi na vidole vikakataa, Bi Tatu akamfuta kwa ile kanga. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuchungulia juu ya ua. "Mama Zuhura, kambini iko mtu anaangalia shingo."

Bwana Ndevu alimpima muda mrefu. "Wewe funga macho. Mimi choma. Wapi?" Alimchoma kwa sindano vidole vyote, na vingi havikujua. Alimgonga goti, mguu ukaruka kama chura. Kisha akakaa, akaeleza kila kitu, na Mzee Feruzi akakinyoosha kwa Kiswahili cha watu. Anaweza kufia mezani. Anaweza kubaki kama alivyo, na huko tayari ni kushinda, maana asipopasuliwa ataendelea kushuka mpaka kitandani. Anaweza kupata nafuu, miguu kabla ya mikono, na mikono hakuna wa kuiahidi.

"Nimesikia," akasema Mama Zuhura. "Mimi nataka mikono."

Feruzi akarudia. "Nimesikia, Mzee Feruzi, si kiziwi. Nataka mikono." Mtaona hivyo maisha yenu yote. Unamweleza mgonjwa mambo mengi, naye anabaki na lile moja alilokuja nalo. Elezeni hata hivyo.

Kisu alikikubali. Wembe aliukataa. "Shingo kata. Nywele acha." Mzee Feruzi alimbembeleza na kumweleza habari ya kidonda na uchafu. Mwishowe alikubali kunyolewa kisogo tu, kwa sharti kwamba kila unywele uwekwe mkononi mwake. "Tatu simuogopi tena. Lakini wengine wapo." Basi nikapiga magoti sakafuni naokota. Bwana Ndevu akaingia akaniuliza natafuta nini, nikamwambia. Akainama naye, akatafuta, akainuka na unywele mmoja kati ya vidole, amefurahi. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa wa kwake.

Alipasuliwa asubuhi, karibu na dirisha, amelala kifudifudi. Feruzi alidondosha dawa ya usingizi akamwambia ahesabu. Badala ya kuhesabu alianza kutaja mitindo ya kusuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ulimi ukalegea. Mimi nilifukuza nzi na kupokea vyombo. Kasuku akang'ata, akang'ata. Jasho la Bwana Ndevu nililifuta kabla halijafika ndevuni. Kisha akamwita Feruzi kwa ishara ya kichwa, naye Feruzi akanivuta nione. Ule uti ulikuwa pale, mweupe, ulikobanwa umebonyea kidogo, na ulikuwa unapiga taratibu. Nje Zuhura na Bi Tatu walikuwa wanasoma dua kwa sauti, wakishindana nani anazijua zaidi.

Alizinduka. Miguu ilisogea. Alilazwa kitandani na mifuko ya mchanga kila upande wa kichwa, akiswali kwa macho tu, na kulalamika kwa mdomo wote. Baada ya majuma kadhaa alisimama. Kisha akatembea, kwanza akinishika bega, baadaye peke yake, mpaka siku aliposhuka ziwani akanawa uso akapanda tena bila kupepesuka. Bwana Ndevu alipiga makofi kama mtoto. "Bibi pona! Bibi enda nyumbani!"

Mama Zuhura akarudi ndani akakaa kitandani pake. "Bwana Ndevu, murakoze sana. Mungu akulipe. Miguu iko. Mikono je?"

"Mikono pole pole. Labda. Labda hapana."

"Basi nangoja hapa."

Bwana Ndevu akawa mwekundu, nikadhani sasa atapiga kelele. Akamtazama, akavitazama vile vidole vilivyolegea juu ya shuka. "Haya," akasema. "Sisi ngoja." Mpaka leo nampenda kwa neno hilo.

Tukaanza kazi ya mikono, na hapo Mzee Feruzi ndiye aliyekuwa mwalimu. Alimpa bakuli la maharage achambue amefumba macho. Alimfungia nyuzi za mchikichi kwenye mguu wa kitanda asuke, afumue, asuke. Mkono wa kulia ulikuwa mvivu, wa kushoto ukaanza kusikia. Mama Zuhura akaamua kwamba kuanzia sasa kushoto ndiko kutaongoza na kulia kutashikilia. Alitukana zile nyuzi kama alivyomtukana Bi Tatu. Siku moja akazitupa. "Hizi si nywele! Nataka nywele." Sisi wanaume wa kambini tulikuwa tumenyoa vipara wote. Macho yake yakazunguka, yakatua kwa Bwana Ndevu aliyekuwa kibarazani na kiko chake.

Hatukuthubutu kumwombea. Akaomba mwenyewe. Naye yule mzungu, aliyepigia nzi kelele, alivuta kigoda akainua kidevu. Kambi nzima ilijazana kwenye mlango tukiziba midomo. Mama Zuhura alisuka kwa kushoto, akakosea, akafumua, akavuta mpaka daktari akatoa machozi, na mwisho ukatoka msuko mmoja mnene katikati ya kifua. Wakati huo huo akaja afisa kutoka Usumbura kukagua kambi. Bwana Ndevu hakukubali tuukate wala kuufumua. "Hii kazi ya mgonjwa," akasema, akaenda kumpokea mwenzake na msuko wake. Tuliwasikia wakizungumza Kidachi kwa ukali, halafu tukasikia yule afisa anacheka.

Lakini vidole vilifika mahali vikasimama. Tulingoja, vikawa vile vile. Bwana Ndevu akamwambia kweli: inawezekana huu ndio mwisho wa safari ya mikono yako. Misuko mikubwa aliiweza, taratibu. Ile mistari myembamba iliyomfanya ajulikane mpaka Gitaza ilikuwa imekwenda. Siku hiyo alijifunika shuka akalia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mzee Feruzi alikaa karibu naye akimshikia kikombe cha maji. Na kutoka Uvira wakaleta habari kwamba mwezi huu ukiisha bila harusi, posa imekufa. Watu wote wakamshauri amwachie Bi Tatu. Hata mama yangu. Mama Zuhura akafunga mzigo wake, akasema, "Nitamsuka mimi," akaondoka kambini kwa miguu yake.

Siku ya harusi mlango ulifungwa alfajiri. Kwa desturi msusi wa harusi humaliza kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikafika, mitumbwi ya Uvira nayo ikafika, na mlango umefungwa. Tukaswali. Wali ukapoa. Bwana Ndevu na Mzee Feruzi walikuwa wamealikwa, wakapewa viti vya mbele, na kila mara Bwana Ndevu aliniinamia, "Mikono?" nami namjibu, "Bado, Bwana." Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye dhahabu puani, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie kwamba kule Uvira wasusi wana mikono, na kwamba aingie yule msusi mwingine amalizie mambo haya.

Yule mwingine alikuwa amekaa kizingitini, amenyoosha miguu yote miwili kuziba mlango. "Anayetaka kuingia," akasema Bi Tatu, "anipite mimi."

Hakuna aliyempita. Kupitia mlango ule tulisikia sauti ya Mama Zuhura, chini chini, haikatiki. Mara inacheka, na Zuhura anacheka. Mara inanyamaza kidogo, na Zuhura anapenga kamasi. Kisha inaendelea. Alasiri ikapita hivyo.

Jua lilikuwa linaelekea milima ya ng'ambo mlango ulipofunguka. Zuhura akatoka. Uwanja mzima ukamtazama kichwani. Mistari ilikuwa minene, michache, na hakuna hata mmoja ulionyooka. Mmoja ulianza vizuri kwenye paji la uso ukapotea njia ukaishia nyuma ya sikio. Nyuma yake Mama Zuhura alisimama ameegemea mwimo wa mlango, mikono imemlegea, na sijamwona mtu aliyechoka vile.

"Ee Mungu wangu," akasema shangazi. "Mwanangu, nani amekusuka hivi?"

"Mama yangu," Zuhura akajibu, na hakuinamisha kichwa. "Wenzangu wanaambiwa maneno ya asubuhi moja. Mimi wangu ameniambia kutwa nzima."

Bi Tatu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.